Mgeni Anapokabidhiwa Jembe

Kuna safari moja niliyoifanya miaka kadhaa iliyopita: siku tisa, miji mitano. Nikiulizwa leo niliona nini, kinachonijia kwanza ni kelele za magurudumu ya begi juu ya mawe ya barabarani, kisha foleni, kisha tundu la umeme nililokuwa nikilitafuta kila jioni ili nichaji simu. Picha ninazo, zaidi ya mia nane. Nikizifungua hunibidi nisome tarehe ndipo nijue jengo lile lilikuwa mji upi. Sikuibiwa, sikuugua, sikuachwa na treni hata mara moja. Kila kitu kilikwenda kama kilivyopangwa, na hapo hasa ndipo ninapoliona tatizo.

Wengi siku hizi wameichoka namna hiyo ya kusafiri. Wanataka kwenda mahali pamoja, wakae, watembee kwa miguu, wajue watu kwa majina. Nami nimo miongoni mwao. Lakini nadhani jambo lenyewe tunalieleza vibaya. Tunazungumza kana kwamba siri iko kwenye mwendo: treni badala ya ndege, miguu badala ya gari, simu izimwe. Mtu anaweza kwenda mwendo wa kinyonga na bado akapita katika mji kama maji juu ya jani la mgomba. Kinachoibadilisha safari ni kurudia. Ni kurudi pale pale, saa ile ile, mbele ya watu wale wale, mpaka uwepo wako uwe jambo la kawaida na mtu akuone unafaa kutumwa.

Wahenga walishasema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii tumezoea kuitumia kumchoma mgeni aliyekaa akapitiliza. Kwangu mimi jembe lile ni heshima pia. Siku mbili za mwanzo mgeni huandaliwa, hukalishwa sebuleni, huonyeshwa kilicho kizuri. Jembe ndilo humtoa sebuleni likampeleka nyuma ya nyumba, ambako maisha yenyewe yanaendelea. Asiyekabidhiwa jembe hajaifika nyumba ile, hata akalala humo mwezi mzima.

Hilo nilijifunza kwenye benchi. Mji ulikuwa mdogo, lugha yake nilijua maneno kama ishirini, na nilikuwa na siku kumi na moja. Chini ya chumba nilichopanga palikuwa na uwanja wenye benchi moja na vyungu vya maua kama thelathini hivi, vingine vya udongo, vingine makopo ya rangi yaliyotobolewa chini. Kila asubuhi, kabla jua halijaufikia ukuta, mzee mmoja alitoka na mpira wa maji akavimwagilia. Siku ya kwanza nilikaa pale kwa sababu tu miguu iliniuma. Hakunitazama. Siku ya pili nilimsalimu, akaitikia kwa kichwa. Siku ya tatu alisogeza chungu kimoja nipate pa kunyoosha miguu. Siku ya nne simu yake ililia mfukoni. Akaiangalia mikono yake iliyolowa, akaniangalia mimi, akanipa mpira.

Nikamwagilia. Aliporudi aliguna. Maji yalikuwa yakitoka kwa nguvu na kuuchimba udongo, mizizi ya mche mmoja ikawa nje. Hakukasirika. Alikishika kidole gumba changu, akakiweka kwenye mdomo wa mpira, akakibonyeza mpaka maji yakatawanyika kama manyunyu. Akauachia mkono wangu, akasubiri aone kama nimeelewa. Kuanzia siku ya tano upande wa kushoto wa uwanja ukawa wangu.

Kwa mpira ule nikajulikana. Mama aliyekuwa akipita na watoto wa shule saa moja na nusu, aliyenipita siku tatu kama nguzo ya taa, sasa alisimama kumwambia mzee jambo kuhusu mimi, wote wawili wakacheka. Sikuelewa walichosema na sikuumia. Niligundua pia kwamba watu wakifika usawa wa dirisha fulani la ghorofa ya kwanza hupunguza sauti. Ningepita pale mara moja ningeandika kwamba watu wa mji huu ni wapole, huzungumza kwa sauti ya chini. Siku ya saba ndipo nilipojua kuwa upole ule ulikuwa wa dirisha moja tu. Humo mlikuwa na mgonjwa. Hatua kumi baadaye walipaza sauti kama watu wengine wote.

Nasisitiza mfano huu kwa sababu mengi tunayoyasema kuhusu watu wa kwingine ni maneno ya mtu aliyepita dirishani mara moja. Tunatengeneza tabia ya taifa zima kutokana na mhudumu aliyekuwa amechoka au dereva aliyekuwa na furaha yake. Anayerudi mara ya tano huona mhudumu yule yule akiwa hakuchoka, na hukumu inavunjika yenyewe.

Msafiri Ibn Battuta alitoka Tangier, Morocco, mwaka 1325 akiwa na miaka 21, akatembea karibu miaka thelathini. Tunamkumbuka kwa umbali. Mimi hunivutia zaidi pale aliposimama. Mombasa alilala usiku mmoja, mwaka 1331, akaendelea zake Kilwa, na aliyotuachia kuhusu Mombasa ni mistari michache. Delhi alikaa miaka zaidi ya saba, kwa sababu Sultani Muhammad bin Tughluq alimpa ukadhi. Maldivi nako walimfanya kadhi, akaoa, akaamua kesi, akagombana na wakubwa wa visiwa mpaka akaondoka. Hapo simulizi lake linajaa watu: fulani kasema hivi, fulani kanuna, fulani kanitilia fitina. Alikabidhiwa jembe, na jembe huja na udongo wake. Anayetaka kuwajua wenyeji bila kukwaruzana nao hata kidogo bado anataka sebule.

Katika habari hiyo hiyo mna onyo, na ni onyo zito. Kule Maldivi alijaribu kutumia cheo chake kuwalazimisha wanawake wavae alivyotaka yeye, wakamshinda. Mgeni aliyepewa jembe akajiona mwenye shamba. Kishawishi hicho kinamjia kila mtu anayekaa mahali muda wa kutosha kuona kasoro zake. Wiki ya pili unaanza kujua jinsi taka zingepaswa kuzolewa na jinsi watoto wangepaswa kulelewa. Hapo ndipo ninapojikumbusha kwamba nilipewa mpira wa maji. Bustani ni ya mzee.

Sasa nisieleweke kwamba nawadharau wanaosafiri mbio. Haraka ya watu wengi haikutokana na upumbavu, na historia yake ina upande mzuri. Tarehe 5 Julai 1841 Thomas Cook alikodi treni akawachukua watu wapatao 500 kutoka Leicester kwenda Loughborough, Uingereza, kwenye mkutano wa kupinga ulevi, kwa nauli ya shilingi moja ya wakati huo. Wengi wao walikuwa watu wa kawaida ambao bila treni ya pamoja wasingeenda popote. Ufaransa ilipopitisha sheria ya likizo yenye malipo ya wiki mbili mwaka 1936, wafanyakazi wengi waliona bahari kwa mara ya kwanza maishani. Kabla ya hapo, kusafiri taratibu kwa raha kulikuwa mali ya wenye mali. Kijana wa kitajiri aliyezunguka Ulaya mwaka mzima na mtumishi wake hakuwa na hekima kuliko kibarua. Alikuwa na muda, na muda ule ulilipiwa na jasho la mtu mwingine.

Kwa hiyo swali la safari ya taratibu ni swali la likizo kabla halijawa swali la roho. Shirika la Kazi Duniani, katika Mkataba Na. 132 wa mwaka 1970, liliweka kiwango cha chini cha wiki tatu za likizo kwa mwaka, na likaongeza kwamba likizo ikigawanywa, sehemu moja iwe angalau wiki mbili mfululizo, isipokuwa pale pande zote zimekubaliana vingine. Napenda sana neno lile, mfululizo. Waandishi wa mkataba walijua kuwa siku kumi na nne zilizokatwakatwa vipande hazilingani na siku kumi na nne zilizoshikana. Lakini nchi zilizouridhia hazifiki hata 50. Mtu mwenye siku nne za mapumziko ukimwambia asafiri kwa utulivu unamkejeli tu.

Kuna na kizuizi cha mpakani, ambacho wahubiri wa safari ya taratibu hawakigusi. Mwenye pasipoti yenye nguvu anashuka popote na kusema nitakaa mpaka nichoke. Mwenye pasipoti dhaifu, akiomba viza ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, anatakiwa kuonyesha ratiba na mahali atakapolala kabla hajatia mguu. Anaambiwa apange kila siku, kisha anasoma makala kama hii inayomwambia asipange. Simlaumu akiamua kuona kila kitu kwa mpigo, maana hajui kama atapewa nafasi nyingine.

Hata hivyo, ndani ya siku chache ulizo nazo bado kuna uamuzi ulio wako. Siku nne zinaweza kuwa miji mitatu au mtaa mmoja. Na hapa nina uhakika mtaa mmoja unaacha kitu zaidi. Mtafiti wa saikolojia Linda Henkel, wa Chuo Kikuu cha Fairfield nchini Marekani, aliwapitisha wanafunzi katika jumba la makumbusho. Vitu vingine aliwataka wavitazame tu, vingine wavipige picha. Kesho yake, vile walivyovipiga picha walivikumbuka vibaya zaidi kuliko vile walivyovitazama kwa macho. Ni kama walikuwa wameikabidhi kamera kazi ya kukumbuka. Lakini utafiti huo una sehemu ya pili, na ndiyo iliyonigusa. Walipoambiwa wavute kamera karibu na sehemu moja tu ya kitu, kumbukumbu haikupungua, hata kwa sehemu ambazo hazikuingia kwenye picha. Kuchagua sehemu moja kuliwafanya wakione kitu kizima. Sioni kwa nini mji uwe tofauti na sanamu.

Upande wa wenyeji hesabu ni nzito zaidi. Mwaka 1950 watalii waliovuka mipaka ya nchi zao walikadiriwa kuwa milioni 25. Mwaka 2024 walifika takriban bilioni 1.4, kwa hesabu ya shirika la utalii la Umoja wa Mataifa. Hawakutawanyika sawasawa. Wamerundikana katika miji michache, na ndani ya miji hiyo katika barabara chache.

Venice, nchini Italia, ndio mfano ambao kila mtu anautaja, nami nitautaja kwa sababu ya kitu kimoja kidogo. Mwaka 2008 duka moja la dawa katikati ya mji liliweka dirishani kibao cha tarakimu kinachoonyesha idadi ya wakazi wa mji ule wa zamani. Mwaka 1951 mji huo ulikuwa na watu wapatao 175,000. Mwaka 2022 idadi ilishuka chini ya 50,000. Fikiria wewe ni mkazi, unakwenda kununua dawa ya kikohozi, na dirishani unaiona namba ambayo wewe ni moja ndani yake, na kila ukirudi imepungua. Nje watu wanapita kwa maelfu, na hakuna hata mmoja kati yao anayeingia kwenye hesabu ile.

Tarehe 25 Aprili 2024 mji huo ulianza kuwatoza euro 5 wageni wa kutwa, katika siku zenye msongamano. Aliyelala mjini hakutozwa. Sidhani euro 5 zitamzuia mtu aliyekwisha lipa nauli ya kuvuka bara. Ila msingi wa sheria ile naukubali: waliotunga walimtenganisha anayepita na anayelala. Anayepita huacha taka na msukumano. Anayelala anaamka asubuhi, anahitaji vitu vya asubuhi, anapotea njia na kuuliza. Walau kuna mlango wa kufahamiana.

Natamani ningeishia hapo, lakini haki lazima isemwe. Anayekaa muda mrefu naye ana madhara yake, na pengine makubwa kuliko ya anayepita. Nyumba anayoipanga kwa mwezi ilikuwa na watu. Meya wa Barcelona alitangaza Juni 2024 kwamba mji hautahuisha leseni 10,101 za nyumba za kupangisha watalii, hivyo ifikapo Novemba 2028 zirudi kuwa makazi ya watu. Ureno, mwaka 2022, ilifungua viza maalumu kwa wafanyao kazi kwa intaneti kutoka popote, huku wakazi wa Lisbon wakiwa tayari wanalia na kodi ya nyumba. Yule kijana mtulivu mwenye kompyuta, anayetembea kwa miguu na kujifunza salamu za mtaani, ndiye huyo huyo anayelipa kodi ambayo mwalimu wa mtaa ule haiwezi.

Ndiyo maana nalichukia tangazo linalosema: ishi kama mwenyeji. Huwezi. Mwenyeji ana mama mgonjwa, ana ada, ana misiba, ana jirani aliyekosana naye tangu utotoni. Wewe una tarehe ya kuondoka. Ukikaa katika nyumba aliyohamishwa ili wewe uingie, umeishi mahali pake, hukuishi naye. Heri mara mia chumba katika nyumba ambayo wenyewe bado wamo, au nyumba ya wageni ya siku zote iliyojengwa kwa kazi hiyo, kuliko ghorofa nzuri iliyotolewa roho yake. Kwangu hilo ndilo swali la kwanza kabla ya treni au ndege: kitanda hiki kilikuwa cha nani?

Suala la ndege nalo lina uzito, lakini nitalipita upesi kwa kuwa jibu lake liko wazi. Safari moja ndefu ya wiki mbili inachafua hewa kidogo kuliko safari fupi nne za ndege kwenda umbali ule ule, na pale treni ilipo, ipande. Ufaransa mwaka 2023 ilipiga marufuku baadhi ya safari za ndege za ndani pale ambapo treni hufika kwa muda usiozidi saa mbili na nusu. Kwa msafiri mwenyewe, faida ya treni ni nyingine: unayaona mabadiliko. Milima inaanza kuinuka, abiria wanashuka na lugha yao, wanapanda wengine na yao.

Na utulivu wenyewe nao unauzwa sasa. Njia ya mahujaji ya Santiago de Compostela nchini Hispania, ambayo hupewi cheti mpaka utembee angalau kilomita 100 kwa miguu au 200 kwa baiskeli, mwaka 2024 ilitoa vyeti karibu 500,000. Karibu wote walitembea polepole. Sina shaka wengi waliguswa. Lakini anayetembea kijiji kwa kijiji, kila usiku kitanda kipya, ana ndugu wa njiani, yaani mahujaji wenzake. Wenyeji wa vijiji vile humwona mgongo tu. Mwendo wa miguu peke yake haukupi siku ya tatu.

Ninachokifanya mimi sasa si kikubwa. Nachagua mtaa, sichagui nchi. Asubuhi sina miadi. Natafuta mahali pa kukaa ambapo si pa kununulia kitu, kwa sababu anayenunua huchekewa kwa lazima, nami nataka kuona kama nitachekewa bila lazima. Narudi hapo saa ile ile. Salamu najifunza kabla sijapanda chombo, pamoja na maneno mawili ambayo vitabu vya wasafiri huyaweka mwishoni: "nimekosea" na "nisaidie nikusaidie". Simu inabaki na mimi, maana nikipotea usiku sitaki ushujaa. Ratiba ya vivutio naiacha iwe na kimoja kwa siku, nikikikosa basi. Kuna siku hakitokei kitu, nami nachoka, natamani kurudi nyumbani. Siku hizo nazo ni za mji ule, kwa sababu wenyeji pia wana siku ambazo hakitokei kitu.

Juu ya mji ule wa benchi kulikuwa na ngome ya kale, na kila aliyewahi kufika huko huniuliza kama niliipanda. Sikuipanda. Niliitazama kila asubuhi kutoka chini, ikianza ya kijivu, ikishika rangi ya mkate uliobabuka, kisha ikipotea ndani ya mwanga. Asubuhi ya mwisho mzee aliliona begi langu mlangoni. Hakusema neno. Alifungua bomba, akanikabidhi mpira, akaenda kuketi kwenye benchi, mahali nilipozoea kukaa mimi. Nikamwagilia upande wa kushoto, halafu wa kulia, vyungu vyote thelathini, gari likinisubiri kwenye kona.